Kaseti ya Tihomir Haijafa

Bweni la Wafanyakazi,
Graz, Austria.
Jumapili, 10 Novemba 2019

Mpendwa shemeji Ljubinka,

Nakusalimu sana, wewe na mwanao Sanja. Mnaendeleaje na baridi ya Pirot? Goti lako limepata nafuu, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mzima, ila mgongo umechoka. Wiki hii tumebomoa ghala la ghorofa nne, na vumbi lake bado nalitema.

Nisamehe kwa kutofika kwenye kumbukumbu ya miezi sita ya kifo cha kaka Tihomir. Niliomba ruhusa, msimamizi akakataa. Nilikwenda kanisani peke yangu nikamwashia mshumaa, kisha nikanywa glasi moja ya pombe ya rakija na kumwaga kidogo chini kwa ajili yake. Najua hiyo si sawa na kusimama kando yako pale makaburini.

Dereva wa basi aliufikisha mzigo wako salama. Chupa mbili za ajvar yako ya pilipili hoho hazikumaliza siku tatu humu chumbani. Kaseti niliikuta ndani ya soksi, kama ulivyosema.

Uliniuliza kama uitupe. Yule mkusanyaji wa Novi Sad aliyekuja kutazama kompyuta na gemu za zamani za kaka alikwambia atachukua rafu nzima, isipokuwa kaseti hii yenye jina lako, kwa sababu imekufa. Shemeji, haijafa. Na mwenye kosa ni mimi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningetafuta mzaha wa kujificha nyuma yake.

Unaikumbuka Jumapili ile ya mwaka 1986, Tihomir alipoileta kompyuta yake kwenu? Aliiunda mwenyewe kwa michoro ya jarida, akalehemu kila waya kwenye meza ya mama. Alikutungia gemu kwa wiki tatu, na mwisho wake hakuniruhusu hata mimi niuone. Akaunganisha kompyuta na televisheni yenu, akawasha kinasa sauti ili kompyuta isome gemu kutoka kwenye kaseti, tukasikiliza ile milio ya kukwaruza dakika nne nzima. Skrini tupu. Akarudia. Tupu. Baba yako akaweka kijiko chini akasema, "Kijana, huyo paka uliyembana humo mfungulie aende zake, supu inapoa." Meza nzima ikacheka. Wewe hukucheka, hilo nalikumbuka.

Kaka alidhani ni kaseti mbovu ya sokoni. Sivyo. Siku mbili kabla nilikuwa nimeazima gemu kwa jirani, na kinasa chetu kikakataa kuisoma. Unajua wakati ule kila nyumba yenye kompyuta ilikuwa na bisibisi ndogo juu ya televisheni. Kanda ikigoma, unazungusha skrubu ya kile kichwa kinachosoma kanda, kidogo kidogo, mpaka mlio uwe mkali. Nikazungusha. Nikacheza mpaka nikatosheka, ila kukirudisha kichwa mahali pake sikuweza. Kaseti yako ilikuwa imerekodiwa kabla ya hapo, hivyo kinasa hakikuweza tena kuisoma, na gemu yenyewe haikuwa imeandikwa popote pengine.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliogopa, nikanyamaza. Mlipooana bila hiyo gemu nikajiambia yamekwisha. Hayakwisha. Kaka hakuijaribu tena kaseti ile, wala hakutunga gemu nyingine maishani mwake. Akawa mtu wa kukusanya za wenzake. Kila nilipokuja nyumbani akanionyesha rafu yake, nilitaka kumwambia, nikashindwa. Sasa nakwambia wewe.

Nami nimeunda kompyuta kama yake, hukuhuku bwenini. Yeye mwenyewe alinielekeza kwa simu, akinitukana kila nilipokosea waya. Jana nikaitoa chini ya kitanda, nikatia kaseti kwenye kinasa na kushika bisibisi. Ninakaa na Enes wa Zenica na Blagoje wa Makedonia, na wao hawana huruma.

"Wiki nzima nasikia drili," akasema Enes, "na Jumamosi unaniletea drili ya kwenye kaseti?"

"Mwache," akasema Blagoje, "anazungumza na ukoo wake."

Nikazungusha, nikasikiliza, nikarudisha kanda mwanzo. Mara ya kumi. Mara ya ishirini. Hapo mizaha ikaisha, Enes akaja kunishikia tochi. "Kushoto kidogo, ndugu yangu. Kidogo, nimesema! Hubomoi ukuta!"

Ikasoma, shemeji. Herufi T ndogo ilisimama chini ya ngazi, na ngazi ni zile za kwenu, pamoja na kona yake. Juu imesimama L. Vyungu vya maua vinaanguka kutoka dirishani, na T inavikwepa. Enes alipigwa na chungu mara saba. "Huyu mama mkwe ataniua!" akapiga kelele. Kisha nikacheza mimi, nikafika juu. Maandishi yakatokea: Ljubinka, utaolewa nami? Bonyeza 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana.

Enes akanyoosha kidole, nikamchapa mkono. Tulikaa tunatazama tu, hata Blagoje, kisha nikazima.

Ijumaa mpokee dereva. Nimempa kompyuta yangu, kinasa na kaseti. Skrubu nimeipaka rangi ya kucha ili asiiguse mtu yeyote. Sanja ataviunganisha na televisheni. Rafu iuze au ibaki, hiyo ni hiari yako na sitakulaumu, ila kaseti usimpe mtu. Ukipigwa na chungu usijali, unaanza tena. Na kama kwa kosa langu utanikasirikia, nikasirikie, nimestahili.

Msalimie shangazi Radmila, na umwambie Sanja ale vizuri. Mungu amlaze kaka mahali pema, na wewe akupe nguvu na usingizi mwanana.

Kinachotokea ukibonyeza 1 sikukiona. Aliyeulizwa ni wewe.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye sana,
Dobrivoje