Kiapo Kwamba Sikujua

Jumatano, 16 Januari

Tarehe nyingine! Basi la usiku kucha mpaka Mumbai, miguu imevimba, tumekaa kwenye benchi la korido mpaka jioni ili karani atoke aseme kesi yetu leo haikufikiwa. Haikufikiwa. Miaka yote hii haifikiwi!

Kaka Digambar alikaa ncha ya pili ya benchi lile lile. Alikuja na basi lile lile pia. Tunasafiri pamoja kwenda kushtakiana na hatusemeshani. Mimi nasema nyumba ya Baba ni yetu sote wawili. Yeye anasema binti akishaolewa amebeba chake siku ya harusi. Mahakama ya wilaya ilinipa sehemu yangu. Ya juu yake ikaninyang'anya. Sasa nimekata rufaa Mahakama Kuu. Mrufani! Jina kubwa hilo kwa mwalimu mstaafu wa ushonaji.

Jana ilikuwa sikukuu ya ufuta. Desturi ni kumpa mwenzio kitamu cha ufuta na sukari guru, na kumwambia: chukua tamu, useme tamu. Kaka alitoa kimoja mfukoni, kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka kwenye benchi katikati yetu. Hakusema tamu wala chungu. Nikala. Kizuri kweli — wifi yangu Indumati anajua kupika, hilo simnyimi. Nilipomaliza hasira zikanipanda. Ya nini kunilisha ufuta? Nipe vyumba vyangu viwili!

Nyumbani, mume wangu Madhav hata hakungoja nivue viatu. "Mwalimu, umerudi na nyumba au na tarehe?" Nilimtupia mkoba.

Jumapili, 3 Februari

Kaka amekufa.

Moyo. Asubuhi, akinyoa ndevu. Mwanawe Shrirang alinipigia mwenyewe: "Shangazi, njoo. Baba hatunaye." Nimeingia nyumba ile bila kubisha hodi, mara ya kwanza tangu kesi ianze. Wamemlaza sakafuni na povu la sabuni bado liko chini ya sikio. Hakuna aliyeliona. Nikalifuta kwa ncha ya sari yangu.

Nimelia mpaka sauti imekauka. Nalia nini? Mtu aliyeninyima haki yangu! Lakini ndiye kaka niliyekuwa naye, sina mwingine.

Jumanne, 12 Februari

Siku ya kumi tangu Kaka afe. Nimetoka mtoni sasa hivi na furaha! Mungu anisamehe, furaha kwenye msiba.

Tonge la wali liliwekwa juu ya jiwe, sote tukarudi nyuma kumsubiri kunguru. Akiligusa, marehemu ameondoka ameridhika. Asipoligusa, kuna jambo linamkwaza, na walio hai wanaahidi kwa sauti mpaka ndege ashuke. Leo kunguru walijaa mtini, hata mmoja hakushuka. Jua kali. Kuhani anatazama saa yake, ana msiba mwingine pale chini ya ngazi.

Shrirang akaanza. "Baba, nitamtunza Mama." Kimya. "Baba, duka sitaliuza." Kimya. Mjomba wao mmoja akasema mwahidi chai, alipenda chai kuliko duka. Watu wakacheka kwa kuficha midomo.

Ndipo Shrirang akanigeukia. Uso umemwiva. Akasema kwa nguvu: "Baba, sehemu ya Shangazi nitampa. Mbele ya watu wote hawa, nitampa!"

Na kunguru akashuka! Pale pale! Akadonoa, akaondoka na punje mdomoni. Watu wote walishusha pumzi kwa pamoja. Wifi Indumati akaniangukia begani, tukalia sote wawili, mimi na mwanamke ambaye nilikuwa sina salamu naye. Kumbe Kaka alikuwa anakwazwa na mimi! Alikuwa anataka kunipa, sema kiburi kilimfunga mdomo.

Kesi imekwisha. Basi la usiku basi tena!

Jumamosi, 6 Aprili

Mwaka mpya wa kalenda yetu. Kila nyumba imesimamisha mti wenye kitambaa na chungu cha shaba, isipokuwa kwa Kaka. Wana msiba, hawasherehekei kitu mwaka mzima.

Shrirang alipita. Akanigusa miguu kwa heshima, akala embe. "Shangazi, unajua mwaka wa msiba hatugusi mambo ya nyumba. Ukiisha tu, tunakwenda kwa msajili mimi na wewe." Mtoto ana adabu. Nilimnyoa nywele za kwanza kwa... hapana, kinyozi ndiye aliyemnyoa, lakini nilimpakata mimi.

Alipoondoka Madhav akauliza, wakili umemwambia? Nimwambie nini? Kwamba Kaka amekufa na mtoto ameahidi na mimi simwamini? Kwenda kwa wakili wakati huu ni kumtukana marehemu. Wakili Karmarkar nikimpigia atataka tu kufungua faili jingine.

"Mwalimu," Madhav akasema, "kunguru hana muhuri."

Mwanamume huyu haamini kitu chochote ila dawa yake ya sukari.

Jumanne, 18 Juni

Wameniua. Wameniua mchana kweupe na sauti hawakupandisha!

Likizo ya mahakama ilipokwisha Karmarkar aliniita, kesi imepangwa. Nikaenda nikidhani nitamweleza mwenyewe, ana kwa ana, kwamba mambo yamekaa sawa. Sikuwahi. Tuliitwa wa kwanza. Wakili wa upande wao, Pingle, mtu mnene mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, akasimama akasema kwa masikitiko makubwa anaarifu mahakama kwamba mteja wake, mjibu rufaa, alifariki tangu Februari. Siku tisini zimepita. Mrufani hakuomba warithi waingizwe mahali pake. Basi rufaa imekufa kwa sheria.

Imekufa! Kaka akifa, nami nisipoandika kwa muda wao, haki yangu inamfuata kwenye kuni alizochomewa.

Karmarkar akanigeukia. "Nani amefariki?" Sijawahi kuona uso wa mtu umefilisika vile. Jaji akatupa nafasi ya kuomba rufaa ifufuliwe, tueleze sababu za kuchelewa.

Kwenye korido nilimshika Shrirang mkono wa shati. Nikamuuliza, na mtoni je? Alikuwa anatazama simu yake. "Shangazi, mtoni ni mambo ya dini. Hapa ni mahakamani."

Hivyo tu. Akanitoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja, kwa adabu ile ile aliyokula nayo embe langu.

Kwa hiyo alipokuja mwaka mpya alikuwa anazihesabu siku. Anakula embe na anahesabu!

Ijumaa, 21 Juni

Ofisi ya Karmarkar. Mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni, nikaambiwa nihamishe mwenyewe nipate pa kukaa.

"Mama, sababu inayopita ni moja. Hukujua kwamba amekufa."

Nikamwambia nilikuwepo.

"Ulikuwepo wapi? Ndugu wanaoshtakiana hawazikani. Jaji ataamini mara moja. Kila mtu anaandika hivi."

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Nami nilikuwa nimejaa aibu mpaka hapa. Nimwambie msomi yule niliacha kesi kwa sababu ya kunguru? Karani akachapa kwa Kiingereza, akanitafsiria mbio mbio. Mimi, Vatsala, mke wa Madhav, naapa kwamba sikupata habari za kifo cha mjibu rufaa mpaka tarehe kumi na nane Juni.

Mjibu rufaa. Hata neno kaka halimo.

Nimetia sahihi. Mtu wa kupokea viapo hakuinua kichwa, aligonga muhuri na kuendelea na karanga zake. Nilitoka pale nikanawa mikono kwenye bomba la nje mpaka mlinzi akaniuliza kuna nini.

Alhamisi, 8 Agosti

Wamejibu. Na wameambatanisha picha.

Mimi, mtoni, mstari wa mbele, sari kichwani, mdomo wazi nikilia. Ukitaka kunitengenezea kitambulisho, itumie hiyo. Shrirang ameapa kwamba shangazi yake alihudhuria siku ya kumi tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba ameidanganya Mahakama Kuu. Kuhusu ahadi — neno hakuna. Kwenye picha mdomo wake umefungwa.

Karmarkar alitembea dirishani, akarudi. "Tunaweza kusema ni msiba mwingine."

"Wa nani? Nina kaka wangapi?"

Hapo nikapasuka. Nikamwaga yote, kunguru, wali, ahadi, embe, mwaka wa msiba. Aliweka kalamu chini. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama! Aliahidi mbele ya watu? Ukamwamini, ndiyo maana hukuja? Hiyo ndiyo sababu yenyewe! Hiyo ningeisimamia mpaka Mahakama ya Juu kule Delhi! Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza."

"Hukusema!"

Tukatazamana kama wajinga wawili. Ukweli ninao, na siwezi kuutoa bila kwanza kusema kwamba kiapo changu ni uongo. Na nikisema hivyo, ahadi ataithibitisha nani? Nimempigia kuhani. Anasema ana siku za kumi nyingi, hawezi kukumbuka ya nani ilikuwaje. Mjomba wa chai siku hizi anashinda dukani kwa Shrirang. Watu wote waliosikia wamekuwa viziwi.

Madhav leo hakutania. Alinipikia chai, ikatoka maji matupu, nikainywa.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku ya dada kumfunga kaka uzi mkononi. Mwaka jana nilimtumia Kaka kwa posta, kesi au si kesi. Na Januari alikuwa nao bado mkononi, umechujuka. Leo nimepita dukani nikaona nyuzi zimetundikwa, rangi zote. Nikamchukia muuzaji.

Jumanne, 17 Septemba

Naandika kwenye benchi la korido. Mahakama imepumzika kwa chakula. Sili.

Jaji ni mwanamke, mtu wa makamo, miwani imeshuka puani. Alisoma kiapo changu, akatazama picha, akasoma tena. Mawakili wakaanza kugombana kwa Kiingereza. Akawanyamazisha wote wawili kwa kiganja. Akaniita mbele akasema nami kwa lugha yetu, kama mtu anayezungumza na jirani.

"Mama, marehemu alikuwa nani wako?"

"Kaka yangu."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Na ulijua lini kwamba amekufa?"

Nikafungua mdomo. Niliona povu lile chini ya sikio. Sijui nilisimama muda gani, Pingle akakohoa, Karmarkar akanikanyaga kidogo mguu. Jaji akatazama saa ya ukutani. "Tutaendelea baada ya chakula. Mama akae afikiri. Mtu yeyote asifikiri kwa niaba yake."

Karmarkar amenifuata mpaka hapa. Jibu liwe moja tu, anasema, sikujua, mimi nitahangaika na picha. Ukisema ulijua, rufaa imekwenda na wewe unaweza kushtakiwa kwa kiapo cha uongo. Halafu akaenda kula. Ana tumbo la kula!

Nikisema sikujua, labda nitaingia nyumba ya Baba. Na nitakuwa nimeapa, kwa mdomo wangu sasa, si kwa mashine ya karani, kwamba Kaka alikufa na mimi sikuwepo. Nikisema nilijua, nitalazimika kusema na kwa nini nilinyamaza, na nani atanisadiki?

Shrirang yuko kule dirishani na Pingle, wanakula mikate ya viazi. Wanacheka. Mtoto wangu huyo! Nimempakata!

Wifi Indumati amekuja naye leo. Hana tena alama nyekundu ya mke wa mtu kwenye paji la uso, hana bangili. Amesinyaa. Ameinuka kule kwa mwanawe, nikadhani anakwenda chooni, amekuja kuketi hapa, mahali pa Kaka, na kopo la chakula. Amelifungua. Mkate wa mtama na biringanya.

Nimemwambia sili chakula cha watu walioniweka kwenye moto.

Amekata kipande, ameniwekea kiganjani. Nimemuuliza, wifi, siku ile mtoni ulikuwa karibu naye kuliko mimi. Ulimsikia mwanao alichosema?

"Kula kwanza."

"Ulimsikia?"

Kule dirishani Shrirang ameacha kutafuna. Anamtazama mama yake.

Nimekula. Siwezi kusema uongo, biringanya ni nzuri. Wifi anafunga kopo, kifuniko hakikai, anajaribu tena. Nyumba anayolala ni ya mwanawe sasa. Hana kwingine. Namchukia kwa hilo, na namwonea huruma kwa hilo hilo, na nimechoka kuchukia.

Karani ametoka. Anaita kesi yetu. Bado wanaita jina lake! "Vatsala dhidi ya Digambar!" Anaita mara ya pili, anauliza Digambar yupo, korido nzima inageuka.

Wifi amesimama. Amenishika mkono wa kushoto, amenibana mpaka pete inaniumiza, na Shrirang anakuja huku kwa haraka akisema Mama, kaa, wewe hawakukuita. Wifi haniachii. Sijui kama ananizuia nisiingie au anaingia na mimi aseme alichosikia.