Muhogo wa Akoth

Osukuru, Tororo
Jumapili, tumetoka kanisani

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua uvimbe na unatembea bila fimbo, maana dada ameniambia wageni wakija unaificha nyuma ya mlango. Sisi huku tu wazima. Othieno yuko kazini kama kawaida, nami sina ninachoumwa. Akoth anakula, anacheka na anagomba. Ila miguu yake bado imo katika matengenezo, na hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike.

Nimechagua karatasi kwa sababu ya ile sauti uliyonitumia kwenye simu. Othieno aliifungulia spika tukiwa uani, tukidhani ni salamu. Kila aliyekuwepo aliisikia, na mama mkwe alikuwepo. Nitafika huko. Acha nianze mwanzo, usije ukahukumu kwa nusu ya habari.

Unakumbuka Akoth alivyozaliwa, miguu yote miwili imepinda kwa ndani, nyayo zinatazamana. Alifungwa plasta akiwa mchanga, miguu ikanyooka, akapewa vile viatu vyenye chuma katikati vya kuvaa akilala. Mwaka huu, alipoanza kukimbia, tukaona anakanyagia ubavu wa mguu. Daktari wa kliniki ya miguu mjini Tororo akasema miguu imeanza kurudi, jambo hilo hutokea, na tiba ni ile ile: plasta upya kila wiki, kila moja ikiuvuta mguu kidogo kuliko iliyotangulia. Tofauti ni kwamba safari hii mgonjwa ana miaka miwili na ana maoni yake.

Plasta inaanzia vidoleni hadi pajani, na goti limekunjwa. Siku ya kwanza aliitazama, akaigonga kwa kijiko, akaniambia, "Toa." Nikamwambia haitoki. Akajiburuta hadi kwa baba yake: "Baba, toa." Kisha kwa bibi yake. Kisha kwa muuza samaki aliyepita na ndoo yake, mtu asiyemjua kabisa. Alipowamaliza watu wote akalia mpaka usingizi ukamchukua.

Kazi yangu, kama unavyojua, iko Busia kwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani, na mwanzo wa wiki huwa nalala huko huko. Kwa hiyo aliyembeba Akoth katika haya yote ni mama mkwe. Alishona magauni mapana yanayopita juu ya plasta. Alimwogesha kwa kitambaa badala ya beseni. Kila asubuhi alivishika vidole vyake kuona kama vina joto na havijavimba, kama tulivyoagizwa. Plasta ilipowasha, wala hakuingiza kijiti ndani, jambo ambalo tulikatazwa; aliigonga gonga kwa nje na mwiko, na mtoto akacheka. Othieno alipasua dumu la maji kwa urefu, akatoboa tundu na kufunga kamba, na Akoth akawa anavutwa humo uani kama mkubwa fulani. Alianza kuwaamrisha kuku wampishe.

Na mimi nikaleta neno. Kule kwetu mtu akifungwa plasta ngumu husemwa kafungwa muhogo, basi nikamwimbia, "Muhogo wa kulia, muhogo wa kushoto," ili acheke. Ua mzima ukalidaka. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiteso, kila akipita huuliza, "Hii muhogo iko tayari? Nilete samaki?" Akoth hukumbatia miguu yake na kupiga kelele, "Yangu!" Yule aliyetaka itolewe sasa anailinda.

Plasta ya kliniki hii hailazimiki kukatwa kwa msumeno, ambao huwatisha watoto. Unailoweka nyumbani asubuhi ile ile ya kliniki, inalainika, unaikunjua taratibu, unakwenda. Wiki za kwanza nililoweka mwenyewe, maana Jumatano jioni huwa nimerudi na kliniki ni Alhamisi. Kisha ikaja wiki ambayo foleni ya malori mpakani ilikuwa ndefu na sikuwa na hakika ya kuwahi. Jumatatu nikampigia simu mama mkwe: "Mama, muhogo wa Alhamisi usisahau kuuloweka." Akajibu, "Ndiyo, nitaloweka vizuri."

Sasa fikiri, Mama. Hapa muhogo ndio unga. Muhogo wa kutoa unga mzuri hukaa majini siku kadhaa ndipo umenywe na kuanikwa. Anayeuloweka asubuhi ya siku anayouhitaji huitwa mvivu, au mgonjwa.

Jumanne mama mkwe alichota maji, akamkalisha mtoto katika beseni kubwa, akasubiri plasta zilainike, akazikunjua moja baada ya nyingine bila kumkwaruza hata kidogo. Akamwosha, akampaka mafuta, akamwacha acheze. Nilipofika Jumatano jioni, Akoth alinikimbilia kwa miguu yake, akiyumba, amefurahi. Nyuma yake mama mkwe amesimama, mikono kiunoni.

"Ona mtoto yako," akasema. "Safi."

"Umetoa lini, Mama?"

"Jana. Hakulia hata mara moja."

Nilikaa juu ya jiwe la kusagia. Nikampakata Akoth, nikaishika miguu yake.

Kesho yake daktari aliipima miguu kwa mkono, akaipima tena, akasema plasta ya wiki iliyopita ni kama haikuwepo. Akauliza nani kaifungua mapema.

"Ni mimi," mama mkwe akasema. "Yeye nasema loweka muhogo. Mimi naloweka. Nani analoweka muhogo siku moja?"

Muuguzi alicheka, kina mama waliokuwa kwenye benchi wakacheka, daktari mwenyewe akainamisha uso. Mama mkwe hakucheka. Daktari akamweleza kwa upole kwamba hasara ni ya wiki moja tu na inarudishika, lakini isitokee tena, kwani mguu unaovutwa ukaachwa, ukavutwa ukaachwa, mwisho hutaka upasuaji mkubwa wa mifupa. Kisha wakamfunga upya. Akoth alikuwa amekwisha kuonja kukimbia. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, na ndicho ulichokisikia uliponipigia nami nikakueleza haraka haraka kilichotokea. Najua kilikuumiza.

Jioni yake ikaja sauti yako. Nakunukuu, maana niliisikia kama walivyoisikia wao: "Nani huyo aliyemloweka mjukuu wangu kama muhogo? Watu wa huko hawana akili? Mjomba atamfuata, aletwe nyumbani, nitamkanda mwenyewe kwa mafuta."

Mama mkwe anasikia Kiswahili vizuri kuliko anavyokisema. Alikuwa anaosha sufuria. Alimaliza kuiosha, akaifunika, akaingia jikoni. Asubuhi akaniletea Akoth, akamweka mapajani mwangu kwa mikono miwili, akasema, "Mimi sitashika tena. Mama yako iko na haki. Mtoto ni ya watu."

Tangu siku hiyo anampikia uji, anauweka kibarazani, anaondoka. Akoth hujiburuta hadi mlango wa jikoni na kumwita. Yeye hujibu kutoka ndani, "Niko," lakini hatoki. Nimechukua ruhusa kazini niwe naye wiki hii. Bosi amenipa hiyo moja, na amesema wazi kwamba hana nyingine.

Sasa nakuomba mambo mawili.

La kwanza, mjomba asije. Nayaheshimu mafuta yako na mikono yako. Shingo yangu ilinyooka kwa mikono hiyo nilipoanguka kutoka juu ya mfenesi. Lakini miguu hii haihitaji kukandwa. Inahitaji kushikiliwa mchana na usiku mahali ilipofikishwa, na mkono wa mtu huchoka.

La pili ni zito zaidi. Alhamisi hii nitampeleka mwenyewe kubadilishiwa plasta. Inayofuata, daktari anataka kuukata kidogo mshipa wa nyuma ya kila kisigino, kwa sindano ya ganzi tu, mtoto akiwa macho, kisha ndiyo plasta ya mwisho. Lazima atulie. Mikononi mwangu hatulii. Nimejaribu, alikakamaa mwili mzima kama ubao na kuning'ata bega. Mikononi mwa bibi yake hulegea. Humwekea mdomo sikioni na kumsemesha kwa lugha yao, polepole, mpaka mtoto anafumba macho. Daktari aliwahi kusema, "Huyu bibi mngeniachia hapa kliniki." Nikienda bila yeye, huenda tukarudishwa, na miguu haitungoji.

Othieno amemsihi, hakufaulu. Nimemsihi mimi, ananiambia, "Wewe hukusema kitu mbaya." Kwa watu hawa, na hata kwetu sisi, neno la mkwe haliondolewi na mtu mwingine. Aliyelitoa ndiye hulirudisha.

Nilidhani kilichomchoma ni hilo la akili. Sicho. Hilo alilichukulia kuwa hasira ya bibi, naye ni bibi, anaijua. Alimwambia Othieno kwa lugha yao, naye akanitafsiria: "Yule mama amesema mjukuu wangu. Wangu. Basi mimi nimekuwa nikishika mtoto wa nani?"

Mama, sikuombi uombe radhi. Nakufahamu, na yeye pia angeona haya kuombwa radhi na mkwe wake. Mpigie tu. Msalimie, muulize habari za shamba na mvua. Kisha katika kuongea sema "mjukuu wetu," mara moja, bila kulikazia. Atalisikia.

Barua hii naikabidhi kwa dereva wa lori anayeshuka Tanga. Atampa dada kituoni Muheza. Msalimie dada na watoto wake, na umwambie kitambaa alichonitumia ndicho kilichoshonwa gauni la Akoth la kijani. Msalimie baba mdogo, macho yake yapone. Msalimie mjomba, umshukuru kwa kuwa tayari kusafiri mbali hivyo, na umwambie apumzike. Mchungaji na mkewe wape salamu zangu, na jirani anayekuchotea maji, ambaye sijamwona lakini kila siku namwombea.

Piga simu ya Othieno jioni, watu wakiwa wamekwisha kula. Nitaipokea, nitakuamkia, kisha nitamkabidhi mama mkwe simu mkononi na kumweka Akoth chini karibu na miguu yake. Baada ya hapo nitaondoka, nende nikaangalie mbuzi. Mtakayosemezana ni yenu wawili.

Mwanao akupendaye,
Veronika