Ulimi Mweupe wa Mtoto wa Jirani

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi niamkie huko huko uliko nitaitikia, naomba msaada wako haraka, na mwandiko wangu usiutazame sana, mimi ni fundi cherehani, ukitaka kunijua tazama mshono.

Mimi ni mama mtu mzima, nashona barazani kwetu, mlango wa kwanza ukiingia uani, kwa hiyo kila anayepita namwona na alichobeba nakijua, wanasema nina mdomo, sawa, ninao, nani hana? Nina binti mmoja tu, ameolewa mbali na amezaa huko huko, na mjukuu wangu namjua kwenye simu, ameota meno nimeona kwenye simu, ameanza kutembea nimeona kwenye simu, akiniona anabusu kioo mpaka kinajaa mate na mimi huku nabusu changu, tukimaliza nakifuta kwa pindo la gauni naendelea na kazi. Lakini mshauri, simu haina harufu. Na mimi mtoto namtaka na harufu yake, ile ya maziwa, hapa shingoni.

Basi jirani yangu wa mlango unaofuata akajifungua mtoto wa kiume, mwenyewe bado binti mdogo tu, ananiita mama, mumewe dereva wa lori, akiondoka harudi leo wala kesho. Muuguzi wa kliniki alimwelekeza kwamba mtoto akishanyonya amfute kinywa, azungushe kitambaa laini kisafi kwenye kidole, akichovye kwenye maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu, apitishe taratibu kwenye fizi na mashavu kwa ndani na ulimi. Akajaribu, mtoto akafanya "kweh!" kama anataka kutapika, mama mtu akalia kuliko mtoto, ndipo akanigongea.

"Mama, njoo wewe, mimi nitamuua huyu!"

"Humuui, mwanangu. Lete hapa huyo mume wangu."

Nikakata kitambaa cha pamba, kile laini kinachobaki nikishona shimizi, nikakichemsha, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikamlaza mapajani kichwa kwenye kiganja. Mshauri, alikibana kidole changu kwa fizi zile akakinyonya, huku ananitazama kama mtu anayedai chake! Nilikwisha. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia, mwenye gauni alikuja akanicheka.

Toka hapo kila asubuhi na jioni mtoto akishanyonya naitwa, na nisipoitwa nakohoa pale mlangoni. Sasa siku moja naingia nakuta kashamfuta mwenyewe na kitambaa kashakianika.

"Mama, nimeweza! Wala hakulia. Sasa sitakusumbua tena."

Alisema kwa kunihurumia, macho yanacheka, na mimi roho yangu ikadondoka pu! Nikasema lete nione, nikamfungua kinywa, ulimi una weupe kidogo wa maziwa, ule wa kila mtoto, ukiupangusa unatoka. Nikasema, "Mmh. Hapa nyuma pana utando, mwanangu. Mkono wako bado haujazoea." Mdomo wangu ndio huo, ulisema kabla sijautuma. Nikarudishiwa kazi yangu, na kila akiuliza, "Mama, umeisha?" nasema bado, kesho bado, keshokutwa bado.

Kumbe mimi nikitoka mwenzangu anabaki anasugua. Na mimi kwa kujisifu kwamba nauguza nikamwambia muuza mkaa yule mtoto ana utando, muuza mkaa akamwambia mwenye duka, habari ikazunguka ua mzima, ikamrudia mwenyewe imeshanenepa, eti maziwa ya mama ndiyo mabaya, ndiyo yanamchafua mtoto. Leo asubuhi nimemkuta kakaa kitandani, kifua kimejaa kimekuwa jiwe, kopo la maziwa ya dukani liko mezani, mtoto analia, ulimi umechubuka mwekundu, akiwekwa kwenye ziwa anageuza uso.

"Mama," akaniambia, "maziwa yangu yana nini?"

Nikamwambia nimeacha pasi ya moto juu ya nguo ya mtu, nikatoka.

Sasa mumewe kampigia, kasema akirudi anawapeleka kwa mama yake wakaangaliwe na mtu anayejua. Mshauri, ninachouliza ni hiki, siwezi kusema tu, "Ahaa, leo umeisha," tukaishia hapo, kila mtu akafurahi? Maana nikisema kweli atanifungia mlango, na ule ukuta wetu ni mwembamba, nitamsikia mume wangu anacheka upande wa pili, na mimi huku na vitambaa vyangu, vimejaa kapu, vingine nimevipinda kwa uzi wa bluu.

Ni mimi, fundi wa mlango wa kwanza.

*

Fundi, nimekucheka mpaka nilipofika kwenye kifua kilichokuwa jiwe. Hapo kicheko kiliniisha.

Huwezi kusema "leo umeisha." Ukisema umeisha, yule binti atabaki anaamini utando ulikuwepo. Atajiona ndiye mama aliyemchafua mwanawe kwa maziwa yake mwenyewe, na akija mtoto mwingine atamwogopa kabla hajamweka kifuani. Hapo hapafai kiraka. Fumua mshono wote.

Barua umeshaituma, sasa inuka. Mtoto mchanga anayekataa ziwa hasubiri lori lirudi wala hasubiri aibu yako ipoe. Waende kliniki leo hii na mfuko ubebe wewe. Ulimi uliochubuka utazamwe, na kifua cha mama kitazamwe pia. Wakati mnajiandaa, akamue maziwa taratibu kwa mkono uliooshwa, kifua kilegee, amjaribu mtoto tena. Kitambaa kipumzike kabisa mpaka muuguzi aseme. Na kabla hamjavuka mlango umwambie, kwa mdomo huo huo: "Mwanangu, hapakuwa na utando. Nilikudanganya ili niendelee kuja." Usianze kusimulia habari za cherehani. Sema hivyo, kisha nyamaza, hata kama hujazoea.

Na ninyi wengine mnaosoma huku mmeshika viuno, sogeeni. Weupe mwembamba kwenye ulimi baada ya kunyonya ni mabaki ya maziwa tu. Ukipangusa unatoka, na usipopangusa haumdhuru mtu. Kidole kiwe kimenawa, kitambaa kiwe laini, maji yawe yamechemshwa yakapoa, na mara moja au mbili kwa siku inatosha. Pitisha kama unafuta vumbi kwenye kioo cha miwani, usisugue kama unaosha sufuria. Mtoto akikunja uso, acha. Asali hapana, chumvi hapana, ukucha hapana. Mkiona mabaka meupe yasiyotoka, yameshika hata mashavu kwa ndani, au yakitoka yanaacha pekundu au damu, hayo ni ya kliniki, si ya fundi wala ya muuza mkaa. Mara nyingi hutibiwa mama na mtoto pamoja, na kunyonya kunaendelea. Maziwa ya mama hayajamchafua mtu.

Halafu, fundi, ukitoka kliniki pitia kwa muuza mkaa, kisha kwa mwenye duka. Habari uliipeleka wewe, nenda ukairudishe, na kwa sauti ile ile.

Sasa tuzungumze mimi na wewe. Nimeisoma barua yako yote natafuta mahali ulipomwomba yule binti umshike mtoto. Sikupaona. Umejitafutia kazi, umemtafutia mtoto ugonjwa, umekohoa mlangoni kama mwenye kifua kibovu, lakini kuomba hujaomba. Mtu mwenye maneno ya kutosha ua mzima, umeshindwa na haya matatu: "Nipe nimshike kidogo." Mwenzako alikuambia hatakusumbua tena. Yeye alidhani anakusumbua! Angejuaje kwamba siku yako nzima ilikuwa inangoja kile kidole kinyonywe?

Na binti yako naye mpigie. Leo usianze na mjukuu kubusu kioo. Mwambie simu haina harufu, kama ulivyoniambia mimi. Nina wasiwasi hajawahi kusikia hilo kinywani mwako, pamoja na ukubwa wa kinywa chenyewe.

Jirani anaweza kukufungia mlango. Ana haki, na utavumilia. Usinune, usitume mtu akakuombee, usikohoe. Utamsikia mtoto akicheka ng'ambo ya ukuta na itakuuma. Shona, iume. Ila siku ule mlango ukifunguliwa hata nusu, kapu la vitambaa liache barazani. Nenda mikono mitupu, uombe.