Sensa ya Kilimia

Jumatatu, 17 Februari

Uji wa wimbi, bila sukari. Nimefuta lenzi kwa fulana kuukuu, kama kila jioni. Saa moja na nusu Kilimia kilikuwa juu upande wa magharibi, zile nyota zimebanana kama kuku baridini. Picha tatu kwa kamera ya zamani, tatu kwa mpya. Ya zamani ina rangi tulivu, lakini huchukua muda kusoma picha moja hadi uji unapoa. Mpya ni nyepesi kama umeme. Ila ina vidoa. Vilevile, palepale, kila picha.

Tofauti iko kwenye kile kipande kidogo ndani kinachopokea mwanga. Sensa. Ya zamani huitwa CCD, mpya CMOS. Herufi tupu.

Bi Rehema wa maktaba ya mjini Kakamega amenipa wiki moja. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, utundikwe ukutani pamoja na picha yangu. Majina ya Kiswahili ya sensa hizi yasipopatikana, atatundika ule wa Kiingereza alio nao tayari. Nautaka ukurasa huo kuliko ninavyokiri mbele ya watu.

Jumatano, 19 Februari

Majina mabaya siku nzima. "Kipitisha-chaji-kiunganifu." Hata mimi sikielewi. Nimechana.

"Sensa" nayo: kamusi inasema ni kuhesabu watu. Nimeiacha. Nani atachanganya?

Jirani yangu Mama Nekesa alipita na kuku kwapani, akauliza mbona sionekani sokoni. Nikamwambia nashughulika na sensa, ya zamani na mpya, na lazima niikamilishe Jumamosi. Akaondoka mbio. Sikujiuliza kwa nini.

Ijumaa, 21 Februari

Hakuna jina. Nimekasirika bure na paka.

Jumamosi, 22 Februari

Asubuhi nimekuta watu langoni. Arobaini na kitu. Vitambulisho mkononi. Wengine wameshika kadi za kambini, za miaka ile, zimefungwa kwa nailoni. Wote ni wale tuliokimbia machafuko pamoja tukaishia hapa Chekalini. Mama Nekesa alikuwa ametangazia soko zima: Mwalimu anaendesha sensa mpya ya wahamiaji.

Aibu ilinishika. Tumeandikishwa mara ngapi, kwa madaftari mangapi?

"Tuandike basi, Mwalimu," Mama Nekesa akasema. "Sisi tunaandikwanga kila mara. Tumezoea."

Nikasema ukweli: nahesabu mwanga wa nyota. Nilitamani kuingia ndani ya debe. Kisha Mzee Wafula, mwenye mashine ya kusaga, akauliza, "Kwani hata nyota zimefukuzwa kwao?"

"Na ziko na kitambulisho?" mwingine akadakia.

Wakacheka hadi paka akakimbia. Nami nikacheka, mwisho kuliko wote.

Hawakutaka kwenda bure. Nikaleta mahindi, kila mtu konzi moja. Nikawaambia huo ndio mwanga uliowaangukia. Kwanza kwa njia ya kamera ya zamani: simameni safu, mpokezane konzi hizo moja moja, zisichanganyike, hadi kwa Wafula mwishoni. Yeye peke yake ahesabu. Ilichukua saa nzima. Lakini mhesabuji alikuwa mmoja, kipimo kimoja.

"Huu si ni mrorongo!" Mama Nekesa akapaza sauti. "Kama ule wa kura wa zamani!"

Wakamcheka kwa r zake. Akawajibu kwamba mahindi hayajui l wala r.

Kisha kwa njia ya kamera mpya: kila mtu ahesabu yake hapo aliposimama. Dakika mbili tu. "Hii sasa ni ya papo hapo," Wafula akasema, akinyoosha mgongo. Mama Nekesa alitangaza punje thelathini. Tukahakiki: ishirini na sita. Akarudia na konzi nyingine. Nne zaidi tena. Mara ya tatu, nne.

Vidoa vyangu! Kila mhesabuji ana kosa lake, na halihami. Ukilijua, unalitoa.

Mlolongo. Papohapo. Niliandika nikiwa nimepiga magoti kwenye mahindi. Wiki nzima ya kamusi, na majina yalikuwa yakinisubiri langoni.

Yule kuku amekuwa faini ya Mama Nekesa kwa tangazo lake. Ingokho na obusuma, kuku kwa ugali, kwa watu wote, vipande vidogo sana. Sijafurahi hivi tangu tuhame.

Jumapili, 23 Februari

Walirudi jioni baada ya ibada. Nilipiga picha moja kwa kamera mpya, kifuniko cha lenzi kikiwa kimefungwa, nikapata vidoa vitupu. Nikavitoa kwenye picha ya Kilimia. Safi. Kwa macho tulihesabu nyota sita. Kwenye picha, Mama Nekesa amehesabu hamsini.

Nimetoa nne.

Jumatatu, 24 Februari

Maktaba. Bi Rehema alinisalimu, akausoma ukurasa akiwa amesimama, akarudia sehemu ya mahindi. Hakubadilisha neno. Sensa-mlolongo. Sensa-papohapo. Akaleta pini nne.

Chini akataka jina langu na kwetu. Nimejaza karatasi nyingi za namna hiyo, na kila mara nimeandika jina la kule tulikotoka, ili lisipotee.

Kalamu ilisimama kidogo. Nikaandika: Chekalini.

Mvua imeanza kunyesha. Lenzi nimeifunika.