Miaka Tisa Niliyomwongezea Baba

Sasa hivi Eliza, mwanangu mdogo, amechukua mwiko, ameuegemea kama fimbo, anatembea uani huku ameshika kiuno kama babu yake. Mama amecheka mpaka machozi. Mimi nimekimbilia ndani kuandika.

Ni Jumanne, hapa kijijini Issuna. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye unga.

Nina aibu.

Miaka sita iliyopita baba alianza kuumwa. Wazee wa kuanzia sitini walikuwa wanatibiwa bure, yeye alikuwa na hamsini na nne. Mimi ndiye niliyemaliza darasa la saba, fomu nikajaza mimi. Nikaandika sitini na tatu. Baba akaweka dole gumba bila kuuliza. Nilijiona mjanja kweli.

Sasa figo zake zimechoka. Kaka yangu amekubali kumpa moja. Wiki iliyopita, kwenye hospitali kubwa, daktari alitueleza kuwa wana kompyuta ya akili bandia inayowasaidia kupima kama mwili wa mzee utahimili kupandikizwa. Haiamui yenyewe, alisema, na uzee peke yake haumzuii mtu. Ila kwa umri wa baba, ukijumlisha na presha, imeonyesha hatari kubwa. Madaktari watakaa kikao Ijumaa.

Nikachungulia kwenye kioo cha kompyuta. Miaka 69.

Baba ana sitini.

Nikamshika baba mkono, tukatoka.

Njiani baba akaniambia, "Mashine haina upendeleo, mwanangu. Ikisema nimezeeka, basi nimezeeka." Nyumbani mama akamtania, "Uzee huo umeuokota hospitali? Mbona hapa sijauona?" Baba akacheka. Lakini tangu jana anamzungusha kaka shambani, anamwonyesha mipaka.

Baba ni mzee wa kanisa. Hata kuku mgonjwa hauzi bila kusema. Nitamwambiaje kwamba kila karatasi yake pale hospitali imebeba uongo wangu? Naogopa macho yake kuliko maswali ya daktari.

Ila cheti chake cha ubatizo kipo, kina mwaka wa kweli, na Ijumaa bado. Wakiweka umri wake halisi, huenda wakamtazama upya. Huenda.

Mama ananiita. Baba ameamka, anataka uji. Nitampelekea mimi, na nitamwambia kabla hajaonja, maana nikisubiri amalize nitaogopa tena.