Kamba Nyuma ya Frigo

Jumatatu, 3 Machi

Wateja wanne, wote rasta ndefu. Vidole vinauma. Nikifagia saluni, nikakuta ngozi chini ya drayer. Kavu, ndefu kunipita. Nyoka. Kuandika naweza, kutamka, hapana. Mama alitufundisha kule Uvira: ndani ya nyumba sema kamba, ukimtaja unamwita. Hata Neema wangu, miaka minne, anajua.

Jumanne, 4 Machi

Mwenye nyoka ni mpangaji wa juu. Alimfuga ndani ya sanduku la kioo. Nyoka ametoroka wiki tatu sasa, na yeye kimya! Mjinga kabisa. Eti ni boa, wa misitu ya Amerika Kusini, hana sumu, anajizungusha na kubana tu. Tu!

Naogopa. Lakini nikifunga saluni tutakula nini? Na Neema hana pengine pa kushinda.

Jumatano, 5 Machi

Mzee anayekamata nyoka alikuja. Alitafuta darini, chooni, chini ya sinki. Hakuna. Akanieleza mengi nisiyoomba. Kabla ya kuvua ngozi macho yanaingia ukungu wa bluu, hali kitu. Akishavua, njaa inarudi. Anapenda joto. Hatagi mayai, anazaa watoto hai, wengi mara moja. Eish.

Niliharibu mistari ya nywele za mteja. Neema akanivuta sketi: "Mama, iko kamba nyuma ya frigo." Nikamfokea asiguse kamba za umeme. Akaenda kulala kwenye godoro lake la hapa saluni, palepale pembeni ya frigo.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana nilienda kumfunika Neema usingizini. Kichwa kilikuwa kando ya mguu wake. Ulimi unacheza. Mwili mnene kama mkono wangu, umetokea nyuma ya frigo.

Nikamnyakua mtoto, nikakimbia pekupeku mpaka barabarani. Nililia neno lenyewe, mtaa mzima ukasikia. Nyoka! Nyoka!

Mzee akamtoa kwa fimbo ya ndoano. Jike, akasema, tumbo limelegea.

"Nilikuambia, mama," Neema akalia. Kweli aliniambia. Neno nilimfundisha mwenyewe, na sikulisikia. Najichukia.

Jumapili, 9 Machi

Tumetoka kanisani, tukapitia saluni kupanga vitu. Godoro nimelitupa. Nimemwambia Neema kuanzia leo aseme nyoka. Amekataa, bibi alikataza.

Akaendelea kuchora sakafuni. Kisha, bila kuinua kichwa: "Na zile kamba kidogo, nazo walibeba?"

Nimeweka kitana chini. Nimembeba, nimefunga mlango. Tumekaa kwenye ngazi za nje, juani, tunamngoja mzee.