Uliwaambia Wasimame

Mwanangu Ramazani,

Arobaini yako imepita. Wali umeliwa, dua zimesomwa, watu wamerudi makwao, na mimi mama yako nimekaa na kalamu kama mtoto wa chuo. Usicheke. Ni herufi zile za Kurani baba yangu alizonifundisha kwenye ubao, zinazotoka kulia, na niliziacha nilipoolewa. Mkono umekuwa mgumu. Lakini maneno haya siwezi kumpa mtu mwingine aniandikie, maana atayalainisha.

Kwanza nikugombeze, kwa sababu ulikufa kabla sijamaliza.

Wewe ulikuwa mtu wa kungoja kupita kiasi. Miaka yote ile umeshika usukani wa meli, kutoka hapa Kindu kushuka na mto Lualaba mpaka mwanzo wa maporomoko, na kurudi. Kila kiangazi ulijua mchanga umehamia wapi, kama mimi ninavyojua chumvi imebaki kiasi gani kibuyuni. Halafu kampuni inakuletea kijana kutoka Ulaya, hajui jiwe wala mchanga, na ni wewe njo unamfundisha. Kiangazi kimoja. Cha pili amevaa kofia ya kapiteni, na wewe umesimama mbele ya gurudumu lako, unaambiwa geuza huku, geuza kule, na mtu uliyemfundisha kugeuza.

Unakumbuka siku ile unakula ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikakuuliza, "Huyu wa sasa njo wa ngapi?" Ukasema, "Wa tano, mama." Nikakuambia, "Basi wewe uko mama yao. Unawazaa tu, na hakuna hata mumoja anarudi kukusalimia." Ulicheka mpaka ukapaliwa. Mimi sikucheka.

"Mwaka ujao, mama." Hilo njo lilikuwa neno lako. Mwaka ujao watanipa cheti cha kapiteni. Ulijifunza Kifaransa, wakasema bado. Ulinunua viatu, meza, uma na visu, wakasema watakuja kwanza kuangalia nyumba yako, kama unaishi kama mtu aliyestaarabika. Ukapaka chokaa. Zaituni mkeo akasugua masufuria mpaka yakatoboka. Na mimi, mama yako niliyekuzaa, ukaniambia niende kwa jirani mpaka wazungu waondoke.

Nilikwenda. Nilichukua mkeka wangu nikaenda. Lakini saa zilipita, hawaji, njaa ikanishika, na mimi siyo mtu wa kula kwenye nyumba ya wengine wakati kwangu iko ugali. Nikarudi. Nikatandaza mkeka palepale katikati ya sebule yako nzuri, nikakaa, nikala kwa mkono. Njo hapo walipoingia. Watatu, na daftari lao. Mmoja akaniangalia, akaandika. Wewe ulisimama mlangoni na viatu vyako, jasho linakutoka. Hukunigombeza, na afadhali ungenigombeza. Baada ya wiki wakakuambia bado, ukasema tu, "Mwaka ujao, mama."

Ramazani, ule mkeka nimeubeba kifuani tangu siku ile. Sikukuambia, kwa sababu mimi ni mtu wa kiburi, unanijua. Nilikuwa nasema: kama nisingerudi kula, mwanangu angekuwa kapiteni. Na angekuwa kapiteni, siku ya ajali neno lake njo lingekuwa la mwisho.

Habari za ajali Amisi amenieleza zote. Rafiki yako huyu alisimama mbele kabisa ya meli na mti wake wa kupimia maji, akisikia kila kitu. Maji yalikuwa yameshuka vibaya. Mlipofika pale kisiwani penye mawe, wewe ukasema, "Tusimame, Kapiteni. Tufunge meli, Amisi aende kwanza na mtumbwi apime." Kijana akaangalia saa yake. Akasema twende. Ukamwambia mara ya pili, simama. Akasema, hapa nani kapiteni? Na wewe ukashika usukani, ukaenda.

Hapo njo ninakugombeza kuliko pote. Kwa nini ulikwenda? Najua. Mtu akiachia usukani bila amri anafukuzwa na kufungwa. Najua una watoto. Najua. Lakini mimi ni mama, siyo kampuni, nitauliza mpaka nife.

Jiwe likapasua meli chini. Tishali, ile mashua bapa mliyokuwa mnaivuta, ikakatika kamba na watu wote wa sitaha juu yake, na kuku zao, na watoto wao. Amisi anasema kapiteni alikuwa wa kwanza kwenye mtumbwi. Wewe uliruka majini na kamba mdomoni, ukaifikisha tishali ile kwenye mti, wakafunga, wakapona. Halafu hukuonekana. Siku ya tatu njo walikuleta. Nilikuosha miguu mimi mwenyewe, hata walipokataa. Haikuwa na viatu.

Sasa nikupe habari.

Zaituni alipoanza eda, kaka zake walikuja wakamchukua na watoto, wako kwao Pangi. Kwenye nyumba yako ya kambi ya kampuni nikabaki peke yangu. Juzi wakaniita ofisini. Mkubwa wa kampuni mwenyewe alikuwapo, na karani aliyesoma Misioni kando yake. Wakaweka karatasi mezani. Mkubwa akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba familia ikikubali karatasi hii, mimi nitakaa kwenye nyumba ile mpaka nife. Nikamwambia karani, "Nisomee, na usinifiche kitu. Mimi ni sawa na nyanya yako." Akainama. Akasoma polepole: mshika usukani Ramazani aliambiwa na kapiteni asimame, akakataa, akaipeleka meli kwenye jiwe.

Waliyageuza maneno, mwanangu. Neno lako wakamvalisha yule, na neno lake wakakuvalisha wewe.

Sikupiga kelele. Nilimuuliza mkubwa jambo moja tu. "Bwana, niambie ukweli. Mwanangu alikosa cheti kwa sababu ya mukeka wangu?" Karani akamgeuzia kwa Kifaransa. Mkubwa hakuelewa, akauliza tena, mkeka gani? Halafu akatabasamu, siyo kwa ubaya, na hilo njo liliniuma zaidi. Akasema, "Mama, kwenye muto huu hatujafikiria hata siku moja kapiteni mweusi. Kijana wako alikuwa mzuri sana pale alipokuwa."

Basi. Chokaa, uma, viatu, Kifaransa. Walikuwa wanakutazama unakimbia, na mlango hawakuujenga.

Karani akasogeza wino, akasema, "Nyanya, weka kidole." Nikasema, "Kidole cha nini? Najua kuandika." Mkubwa akafurahi, akanipa kalamu yake mwenyewe, nzuri, ya dhahabu kwenye ncha. Nikaandika. Nikaandika mstari mmoja, nikaandika na wa pili. Mkubwa akacheka, "Jina refu hili!" Nikasema, "Njo jina la ukoo, Bwana." Karani akatazama herufi zangu kama mtu anayetazama nyayo za kuku, Misioni hawakumfundisha hizi. Mkubwa akakausha wino, akakunja, akatia kwenye sanduku la chuma, akafunga na ufunguo.

Nimeandika hivi: *Mwanangu Ramazani alisema simama. Kapiteni alisema twende. Mimi mama yake nimeukataa uongo huu.*

Ukweli wako uko ndani ya sanduku lao, Ramazani, na wao wenyewe wameulinda kwa ufunguo.

Nyumba yao sikuitaka. Siku ileile nilikunja mkeka, nikaja huku Mikelenge kwenye kibanda cha shangazi yako, karibu na shamba la muhogo. Kinavuja. Nalala vizuri.

Na Amisi wamempa usukani wako. Jana alikuja, amekaa chini, hakunywa hata maji. Kuna kijana mpya kutoka Ulaya, Amisi njo anamfundisha. Wamemwambia, mwaka ujao. Nikamwambia, "Amisi, mwaka huo hauji. Usinunue uma." Akalia, mtu mzima. Atarudi melini kesho, afanye nini?

Basi nisikie, halafu nikuache. Mimi sitafika siku ya kufunguliwa lile sanduku, najua hesabu ya mwili wangu. Lakini mvua zikikatika nitakwenda Pangi, kwa miguu ikibidi. Nitawakalisha watoto wako kwenye mkeka huuhuu, mmoja mmoja, niwafundishe herufi hizi, na maneno ya kwanza watakayoandika ni yale niliyoandika ofisini. Siku ikifika, awepo mtu wa kuyasoma. Hiyo ni ahadi, na siyo ya mwaka ujao.

Samahani kwa mkeka. Na samahani kwamba nilikugombeza leo, ingawa nitakugombeza tena.

Simama sasa, mwanangu. Huko uliko hakuna wa kukuambia twende.

Mama yako